Tia Maji

Kazi yangu ilikuwa maji.
Kopo la maziwa ya unga, limetobolewa kwa msumari,
matone matatu, si manne,
na babangu Shekuwe, miwani puani, wembe kiganjani,
hainui kichwa: "Tia."

Duka lenyewe lilikuwa mlango mmoja, Kibokoni,
kati ya fundi saa na karai la viazi.
Kiti cha chuma, kioo chenye madoa ya chumvi,
na rafuni, juu ya gunia bichi,
vinoo viwili.
Cha kijivu alikiokota mwenyewe mtoni Mazeras
siku aliyokwenda kuzika; akarudi na jiwe begani,
watu wakadhani msiba umempanda kichwani.
Hicho kiliutibu wembe ulioumia.
Cha pili chembamba, rangi ya siagi,
baharia mmoja alikiweka rehani ya ndevu zake
na hakurudi kukikomboa.
Cha kijivu kilikoroma. Cha siagi hakikusema kitu,
na hapo, alisema baba, ndipo utege sikio.

"Jiwe la dukani limepikwa na mtu,
lina haraka ya aliyelipika.
Hili halina pa kwenda."

Akipeleka, akirejesha,
mgongo wa wembe haunyanyuki,
rojo likipanda: kwanza maji ya mchele,
kisha chai ya maziwa, kisha mkandaa,
chuma kilichokubali kuondoka.
Akaujaribu kwenye malaika wa mkono.
"Malaika wakianguka bila kelele, basi."
Mkono wake wa kushoto haukuwahi kumea.

Kaka yangu Mwinyihaji alifundishwa. Mie, la.
Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji:
wenzangu huitamka kuonya mtu,
mie niliifanya kwa kopo, miaka tisa.
Siku kaka alipouinua wembe mapema
na jiwe la siagi likamegeka pembeni,
baba alisema neno moja: "Umenoa."
Neno lile lile la kazi,
amelilaza ubapa.

Kisha yakaja maradhi yale, na karatasi ukutani:
kila kichwa na wembe wake mpya.
Vyembe vya shilingi tano, vya kuvunja na kutupa.
Baba hakubisha. Alisema ni haki, damu haina mwenyewe.
Akazipaka nyembe zake mafuta ya nazi,
akazifunga katika kanga ya mama.
Lakini usiku, mlango umekomewa, nilisikia
shii, kimya, shii,
na hapana kichwa kinachongoja.

Mirathi ilipogawiwa kaka alichukua kiti na kioo.
Nilipouliza vinoo, wifi alicheka, akanionyesha:
cha kijivu kimezuia mlango wa choo,
cha siagi kiko jikoni, magamba ya changu yamekauka juu yake,
visu vimekichora kama paka aliyefungiwa.
Nikavitia kikapuni pamoja na ndimu.
Vikakaa uvunguni mwangu miaka sita.
Kanga nayo nilipewa; hakuna aliyeuliza imefunga nini.

Zulekha alipojifungua, usiku ule ule
niliketi uani nikasugua cha siagi juu ya cha kijivu,
jiwe likinyoosha jiwe,
maji nikitia mwenyewe.
Usiku wa kwanza nilinoa kwa maana zote mbili.
Wa tatu nikajikata kidole gumba.
Wa tano jiwe likanyamaza.

Leo mtoto ana siku saba.
Amelala mapajani mwa mamake, nywele zake zimelowa,
na kaka amekuja na chembe cha karatasi mfukoni,
kwa kuwa ni kazi ya wanaume.
Nikafungua kanga.
Wembe wa baba, nimeuchemsha tangu alfajiri,
umeliwa na jiwe hata umebaki upana wa kidole cha shahada;
na jiwe nalo limeliwa na wembe.
Sijui nani alimmaliza mwenziwe.

Nikaujaribu mkononi. Malaika wakaanguka.
Bado kidogo.
Nikaurudisha juu ya kinoo.
Kaka akatazama, akatazama tena mkono wangu,
akainuka, akatafuta kopo.

"Tia," nikamwambia.